Paka, Peleka na Mimi

Karakana ya Mabango,
Mlango wa bluu, nyuma ya duka la vioo.
Jumapili, 14 Septemba

Mpendwa dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu, na kwamba lile goti lako limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Sisi huku hatujambo. Wifi yako yuko kwenye cherehani yake kama kawaida. Mama mdogo bado ana kikohozi chake cha asubuhi, na bado haamini dawa yoyote isiyo chungu. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio una kidonda, na leo nitakuonyesha kilipo.

Kwanza nikulalamikie. Barua yako ya mwisho niliihesabu mistari. Habari za paka uliuliza mstari wa tatu. Zangu uliuliza mstari wa kumi na moja, tena baada ya kuuliza kama bomba la jikoni limetengenezwa. Niliikunja barua nikaitia mfukoni. Lakini dada, aliyekufuata tumboni ni mimi, si paka.

Basi habari za paka ni hizi: amekuwa msanii. Picha yake imetundikwa kwenye ukumbi wa sanaa, imewekewa taa yake peke yake, na watu wanaitazama wameinamisha vichwa upande.

Unakumbuka mama alikataa kumpa jina. Alisema mnyama asiyekuja akiitwa hana haja ya jina, kwa hiyo kwake alikuwa Paka tu. Unakumbuka pia kwamba tangu nilipoanza kazi hii, mama hakusema hata siku moja kwamba nachora. Nilikuwa napaka. Asubuhi nikikawia kwenye chai, alinisukuma bega: haya, nenda kapake. Wageni wakimuuliza mwanawe anafanya kazi gani, aliwajibu kwamba anapaka, wakabaki wakisubiri amalizie, naye alikuwa amemaliza. Ilikuwa ikinikera kidogo, nakiri.

Sasa mwezi wa sita ule ukumbi mkabala na benki ulitangaza maonyesho ya mafundi wa mji, kila fundi alete kazi moja. Mimi nilikuwa na moja tu ya kupeleka, ile picha ya mama ameketi dirishani, miwani imelala mapajani. Nimeihangaikia mwaka na nusu, na mkono wa kushoto peke yake nimeufuta mara saba. Miaka ishirini na miwili nimepaka mabango ya vinyozi, bei za nyama na USIEGESHE HAPA. Nilitaka mara moja tu watu wasimame mbele ya kazi yangu bila kuwa wanatafuta choo. Tena nilitaka wamtazame mama.

Kosa lilianzia kwenye chaki. Mimi ni msahaulifu, unanijua, kwa hiyo kila ubao nauandika mgongoni kazi iliyobaki. SUGUA, maana yake bado msasa. PAKA, maana yake bado rangi. PELEKA, maana yake uende kwa mwenyewe. Nyuma ya mama niliandika PELEKA. Kisha, asije akakwaruzwa njiani, nikaweka kitambaa juu yake na kumfunika kwa ubao chakavu ninaofutia brashi, nikafunga kamba. Ubao ule nilikuwa nimeutenga niupake upya uwe bango la daktari wa meno, kwa hiyo mgongoni ulikuwa na neno PAKA. Usoni ulikuwa na miaka mingi ya michirizi ya brashi zangu, na juu yake paka alikuwa amepita miguu ikiwa na rangi ya kijani. Alikwenda, akarudi, akakaa.

Nikakabidhi mzigo mlangoni, nikaenda zangu kusubiri. Siku ya nne simu ikalia. Alikuwa mama mmoja mwenye sauti laini ya kisomi.

“Naomba kuzungumza na Paka,” akasema.

Nikadhani ni mmoja wa majirani, amekuja na kesi ya samaki wake tena. Nikamwambia Paka amelala.

“Basi msimwamshe. Akiamka mwambieni amechaguliwa.”

Dada, nilikwenda ukumbini karibu mbio. Huyo mama ndiye msimamizi wa maonyesho, ana miwani ya kamba shingoni na viatu visivyotoa sauti. Nikamkuta amesimama mbele ya ubao wangu wa kufutia brashi, umeshapigiliwa fremu. Nikamuuliza iko wapi picha ya mwanamke aliyeketi dirishani. Akasema aa, ile ya Peleka. Ile ilikuwa nzuri, akasema, lakini nafasi zilikuwa chache, na huyo Peleka bado ana woga mkononi.

Ndipo nikafahamu. Walifungua mzigo wakakuta kazi mbili na majina mawili mgongoni, wakadhani ni wasanii wawili wa karakana moja. Mmoja anaitwa Paka, mwingine anaitwa Peleka, na Peleka kaanguka.

Nikajaribu kumweleza, lakini kwa haraka maneno yakanitoka vipande vipande, kwamba hakuna msanii anayeitwa Paka. Yeye akainama karibu na zile nyayo za kijani, akazikagua moja moja, akanyanyuka uso umebadilika.

“Kwani mna paka?” akaniuliza.

Uongo hujanifundisha, wala mama hakunifundisha. Nikasema tunaye. Basi, hapo ndipo nilipojimaliza. Nilipodai kwamba rangi zote zilizo chini ya zile nyayo ni za mkono wangu, alinishika kiwiko kwa huruma, akasema wivu baina ya wasanii wa nyumba moja ni jambo la kawaida, kisitutenganishe kitu.

Siku ya ufunguzi nilimpeleka paka mwenyewe, ndani ya kapu la nguo za wifi yako. Mchambuzi wa gazeti alikuwepo, akaandika robo ukurasa kuhusu ujasiri wa kutomaliza. Mimi nikichelewesha bango siku mbili naitwa mzembe. Bwana mmoja mwenye kofia aliwaeleza wenzake kwamba ile michirizi ya nyuma ni ukuta wa maisha, na nyayo ni roho inayokataa kuufuata. Ile michirizi, dada, ni masalia ya rangi za bango la muuza magodoro. Mgeni rasmi aliposimama kuhutubia, paka alitoka kapuni, akaketi katikati ya zulia, akanyanyua mguu mmoja juu na kuanza kujilamba pale unapopajua. Kisha mtu akapiga makofi, na wote wakafuata.

Wifi yako alicheka njia nzima ya kurudi. Mimi sikucheka. Nilimwonea wivu paka, nalisema waziwazi kwa kuwa ni wewe. Ulikuwa wivu wa kweli, wa kunywa chai bila kujua kama nimetia sukari. Kinyozi wangu wa siku zote alikuja kuuliza kama bango lake jipya linaweza kupakwa na yule mwingine. Mama mdogo, aliyekuwa akimfukuza kwa ufagio, sasa humchagulia kipande cha samaki kisicho na miiba. Na paka mwenyewe, mgema akisifiwa, siku hizi panya anapita mbele yake naye anageuza uso. Nikajiambia aliye juu mngoje chini. Halafu nikakumbuka kwamba paka akianguka hutua kwa miguu.

Lakini wivu wenyewe haukuanzia ukumbini. Wewe unajua ulipoanzia, ingawa hatujawahi kulizungumza.

Ile alasiri ya mwisho ya mama, wewe ulikuwa upande wa kichwani umemshika mkono. Mimi nilikuwa dirishani na kopo la rangi nyeupe, kwa sababu wiki nzima alikuwa amesema fremu ya dirisha lake inamtia aibu mbele ya wageni. Nilikuwa nimemaliza upande mmoja. Nikamwona amefumba macho, nikasita, nikaona si adabu kuendelea kukwangua mbao mtu anapopumua vile. Akafumbua macho. Akasema neno moja.

“Paka.”

Nikaweka brashi chini. Nikamtafuta jikoni, nikamtafuta stoo, nikaruka ukuta wa jirani, nikamkuta juu ya tangi la maji. Niliporudi nimembeba kifuani wewe ulikuwa umeshamfumba mama macho. Dada, kwa miaka miwili nimemlisha mnyama huyu kila asubuhi huku nikijua kwamba mama alipobakiwa na neno moja alimpa yeye. Hata kumuaga mama nilikosa kwa sababu yake. Ndiyo maana ule mstari wa tatu wa barua yako uliniuma kuliko unavyodhani.

Jana nilikwenda ukumbini kumchukua mama. Walikuwa wamemweka chumba cha nyuma, kageuzwa uso ukutani, karibu na ndoo za deki. Msimamizi akanisaidia kumtoa, akaliona tena lile neno mgongoni, akauliza huyu Peleka ni ndugu yangu. Safari hii sikuwa na haraka. Nikamweleza taratibu kwamba si jina la mtu. Ni maagizo ninayojiandikia mwenyewe, kwamba huu upeleke, ule usugue, ule upake.

Akaenda mpaka kwenye ubao wa paka, akachungulia mgongoni, akarudi ameweka kiganja mdomoni.

“Kumbe ulikuwa unaambiwa kazi,” akasema. “Sisi tukasikia mnyama.”

Sijui nilimuaga vipi. Nakumbuka nilikuwa barabarani nimemkumbatia mama, watu wananipisha, na neno lile moja likijirudia kichwani. Mama hakuwahi kusema nachora. Hakuwahi kusema napaka rangi. Miaka yote alisema napaka, akaishia hapo. Na alipofumbua macho ile alasiri, mimi nilikuwa nimesimama mbele yake, brashi mkononi, nimeiacha kazi yake nusu.

Nilipofika nyumbani niliingia chumbani kwake. Ile fremu iko vilevile, upande mmoja mweupe, upande mmoja umebabuka. Kwa miaka miwili sikuweza kuigusa.

Leo baada ya chakula cha mchana nimenunua kopo dogo jeupe, nimepiga msasa, nimepaka upande uliobaki. Nimelia, sitakuficha, nusu nikimcheka mama na nusu nikijicheka mwenyewe. Picha yake nimeitundika mkabala na dirisha, aone kama imepakwa sawasawa. Paka alikuwa kitandani akinitazama kazi nzima. Nilipomaliza akaruka dirishani kuota jua, akaacha nyayo mbili kwenye rangi mbichi. Nilinyanyua kitambaa nizifute, kisha nikamwachia. Hata yeye alitafutwa siku ile, masikini, wala hakujua sababu.

Ubao wa ukumbini sitaudai. Msimamizi yuko tayari kuandika jina langu chini ya la paka, kwa herufi ndogo, na nimemwambia aandike.

Nisalimie sana shemeji, umwambie lile koti alilolisahau bado lipo kwa wifi yako, halijatoboka. Wabusu wapwa zangu wote watatu, na yule mdogo anayechora ukutani msimpige, mnitumie anachochora. Mama mdogo anakusalimu kwa kikohozi. Wifi yako anauliza vipimo vya lile gauni. Mungu akulinde na ngazi, akupe goti jepesi na moyo mweupe, na akurudishe nyumbani siku moja, ulale kwenye chumba chenye dirisha lililomalizika.

Lakini kabla ya hayo yote, dada, nijibu jambo moja. Wewe ulikuwa umemshika mkono. Aliposema lile neno, macho yake yalikuwa mlangoni, au yalikuwa kwangu? Jibu liwe mstari wa kwanza wa barua yako. Habari za paka uziulize baadaye.

Mimi mdogo wako akupendaye,
yule anayepaka.