Mjane na Baba Mapacha Wote Ni Mimi

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye mkubwa basi marahaba, naomba uniokoe kabla ya Jumapili ya wiki ijayo maana nimeanzisha jambo na jambo lenyewe sasa limenishinda nguvu, na mwandiko wangu uuvumilie, shule niliishia darasa la nne, kusoma nasoma, na kuandika ndiko kulikoniponza.

Mimi nafua na kupiga pasi kwenye nyumba ya wageni, mashuka, foronya, mapazia na mashati ya wageni wenye haraka, mwaka wa kumi na saba huu, na nina binti, kitinda mimba wangu, aliyesomea ukatibu mpaka chuo, akamaliza, akazunguka maofisini na vyeti vyake miezi minane mpaka viatu vikaisha visigino, kazi hakuna. Siku moja akaniona natoa doa la wino kwenye mfuko wa shati kwa maziwa, akasema, "Mama, haya unayoyajua mbona hakuna aliyeyaandika?" Akafungua blogu. Mimi niliposikia blogu nilidhani ni ugonjwa, akanieleza kwamba ni kama kuwa na gazeti lako mwenyewe ndani ya simu, unaandika, watu wanasoma, na chini wanaacha maoni yao.

Akawa anaandika kila Jumanne na Ijumaa bila kukosa, madoa, vifungo, zipu, ukungu wa makoti, na Mshauri mtoto anaandika vizuri, unasoma na unasikia harufu ya sabuni, lakini wiki ya tatu akanionyesha hesabu ya wasomaji, wawili, na mmoja alikuwa yeye mwenyewe anahakikisha makala imetoka. Mchana ule hakula. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, simu mapajani, akasema, "Naifuta mama, naongea na ukuta." Mimi nikamwambia, "Kula kwanza," maana mwanangu akiumia hayo ndiyo maneno yanayonitoka, mengine siyawezi, nikaenda kazini. Njiani nikapita kwa jirani yangu fundi simu, nikamwambia nifungulie akaunti na mimi niandike maoni, akaniuliza jina gani, nikaona nikitaja langu binti atasema hiyo ni huruma ya mzazi tu, nikasema andika Mjane Mcheshi. Mimi si mjane, baba yake huyu hapa anakoroma kwenye kochi ninapokuandikia, Mungu anisamehe. Nikaandika, "Nimejaribu hii ya wino, shati la marehemu limerudi jipya, endelea binti." Jioni mtoto alipika huku anaimba.

Ningeishia hapo, Mshauri, lakini msomaji mmoja peke yake anatia huruma, nikamletea wenzake, nikaleta Baba Mapacha, Bibi wa Ghorofani, Mwalimu Mstaafu, Bwana Harusi Mtarajiwa, mpaka wakatimia kumi na mmoja, kila mtu na tabia yake, na nimewaorodhesha kwenye daftari la mashuka nisiwachanganye, maana siku moja nilisahau na Mwalimu Mstaafu, mwanaume wa miaka sabini, akasema ana mimba ya miezi mitano.

Balaa lenyewe lilianzia kwenye pasi. Binti aliandika kwamba shati lianze kupigwa kola, na mimi kwa mdomo wa Baba Mapacha nikasema hapana, linaanza mgongo, nilitaka tu pachangamke, halafu Mjane akamjibu, "Ndiyo maana mkeo alikukimbia," naye akajibu, yaani mimi nikajibu, "Hakunikimbia, yuko kwa dada yake," na Mjane akasema, "Mwaka wa tatu huu? Huyo dada ana nyumba kubwa." Mshauri, watu walikuja! Sijui walikuwa wamejificha wapi. Wakaitana, wengine upande wa Mjane, wengine upande wa Baba, wakatoka arobaini wakawa mia nne, na sasa ni elfu sita na ushee, na kuna mama mmoja nisiyemjua kabisa amejitolea kusimamia harusi yao kwa sababu anasema ugomvi ule ni mapenzi.

Binti naye hakukaa bure, ameijua kazi, zamani angeandika "Matumizi Sahihi ya Pasi" siku hizi anaandika "Umeunguza Shati la Bosi, Sasa Ufanyeje?", na kila anayeuliza swali anajibiwa kabla chai haijapoa, na ana orodha ya watu anaowapelekea makala mpya kwa barua pepe. Ila anasema siri ya blogu ni wale watu wa kwenye maoni. Nami nasikia nikiwa nimejifungia bafuni na simu, natumia maji ya bomba kufunika mlio. Siku moja alinibana, "Mama, kila nikimjibu mtu simu yako inalia, kuna nini?" Nikasema ni kikundi cha kazini, wanauliza mashuka. Akasema, "Mashuka gani yanaulizwa mara ishirini?"

Mwezi uliopita jino lilinivimbisha shavu, siku tisa sikushika simu, na hapo ndipo nilipoumia kidogo, maana watu wangu hawakuulizwa sana kama nilivyotegemea, mmoja wawili walisema Mjane yuko wapi, wengine wote wakaendelea kuuliza habari za gauni lililoota ukungu, na makala hiyo ndiyo iliyosomwa kuliko zote tangu aanze.

Sasa sikia kilichonileta kwako. Kampuni moja ya sabuni imekubali kulipia ukumbi, wasomaji wakutane Jumapili hiyo, na kwenye tangazo wameandika kwa herufi kubwa kwamba Mjane Mcheshi na Baba Mapacha watakutana uso kwa uso. Kosa ni langu, Mjane aliulizwa kama atakuja akasema atakuja na pasi yake, na Baba Mapacha hakukubali kushindwa, akasema yeye atakuja na mapacha. Kisha binti akamwandikia Mjane ujumbe wa faragha. Naunakili kama ulivyo: "Siku nilipotaka kufuta kila kitu ulikuja wewe. Mama yangu ni mtu mwema sana ila mambo yangu haya hayafuatilii, sijui hata kama amewahi kusoma mstari mmoja. Jumapili nataka nikukumbatie." Nilisoma nimekaa juu ya ndoo. Yeye alikuwa chumba cha pili, nilimsikia anavyobonyeza.

Nimemwendea mlinzi wa pale kazini awe Baba Mapacha kwa siku moja. Akasema, "Sawa shemeji, kama kuna chakula. Lakini mapacha nitawatoa wapi?" Nikamwambia aseme wana homa. Akafikiri, akasema, "Wote wawili? Na huyo mjane ndiye nani, yule wa mapokezi? Basi mimi naona tupatane naye, tuoane, watu wafurahi." Tangu hapo kila nikipita getini ananikumbusha kwamba anahitaji koti. Dada wa mapokezi, niliyemwomba awe Mjane, naye hataki, anasema hawezi kuwa mjane na bado hajaolewa. Basi nimebaki na njia moja, nimuue Mjane, Baba Mapacha atangaze msiba kisha ahame nchi, yaishe. Nimeshaandika hata maneno ya msiba na nimelia mwenyewe nilipoyasoma. Je, nimuue, au kuna njia nyingine ya mtoto wangu asiaibike mbele ya watu na asinichukie?

Ni mimi,
Mama wa Mashuka

JIBU

Marahaba, mwenzangu. Nina miaka sitini na miwili, kwa hiyo nisikilize bila kunikatiza.

Mjane usimuue. Umenisikia? Umewafundisha watu elfu sita kumpenda, halafu unadhani watasoma "amefariki" waendelee na madoa yao? Watauliza msiba uko wapi. Watachangishana rambirambi, na yule mama msimamizi wa harusi atakuwa wa kwanza kutaka kujua amezikwa lini na nani. Leo una uongo wa kwenye simu. Kesho utakuwa umekula fedha za msiba. Hayo maneno uliyoyalilia yachane. Na mlinzi arudi getini kwake leo hii, mwambie koti hakuna, kabla hajakuletea posa.

Sasa tuseme ukweli. Nimecheka barua yako mpaka mwenzangu wa meza ya jirani akaja kuuliza. Nilipofika kwenye ule ujumbe wa faragha nikaacha. Majina kumi na moja ni utundu, na mwanzoni ulikuwa utundu wa upendo. Lakini mtoto alipomfungulia Mjane moyo wake, nawe ukakaa juu ya ndoo ukasoma, hapo ulivuka mpaka. Alikuwa anaongea na mtu asiyekuwepo, juu ya mama aliyekuwepo. Umeazima midomo kumi na mmoja kumsifu mwanao, wako mwenyewe ukaufunga. Yeye elfu sita anao. Anayemkosa ni mmoja, na yumo humohumo ndani anafungulia bomba.

Unaogopa ukiwaondoa watu wako blogu itakufa. Hebu rudia ulichoniandikia kuhusu jino. Siku tisa Mjane kimya, Baba kimya, na ndizo siku ambazo makala ya mwanao ilisomwa kuliko zote! Wewe ukanuna kwa kuwa hukuulizwa. Mimi nilisimama nikapiga makofi. Ugomvi wenu uliwaita watu mlangoni, hilo sikunyimi, lakini waliobaki wamebaki kwa sababu gauni lina ukungu na binti yako anajua la kufanya. Anaandika siku zilezile, anajibu kila mtu, vichwa vyake vya habari vinamshika msomaji shati. Hiyo ndiyo kazi, na ameifanya yeye. Mwambie hivyo, kwa sababu ukishakiri, kitu cha kwanza atakachofikiri ni kwamba hata wasomaji wake ni wa bandia. Hata habari ya wiki ya jino mwambie wewe, usingoje agundue.

Utafanya hivi. Kesho ukitoka kazini, mwite mkae, baba yake mwamshe aondoke hapo kwenye kochi. Usianze kwa kulia, ukianza kulia atalazimika kukubembeleza wewe, na zamu hii si yako. Mpe simu yako mkononi ikiwa wazi, sema, "Mjane ni mimi. Baba Mapacha ni mimi. Wote kumi na mmoja ni mimi, na makala zako zote nimezisoma." Kisha nyamaza. Atakasirika. Pengine atacheka kwanza, halafu akasirike zaidi. Akiingia chumbani akafunga mlango, usimfuate na sahani ya chakula. Nakujua. Kaa palepale.

Akitulia, wasomaji na watu wa sabuni waambiwe kabla ya Alhamisi kuisha, na maneno ya kuwaambia atayachagua yeye, blogu ni yake. Wewe kazi yako ni kwenda naye kwenye hiyo kampuni, ukae kiti cha pembeni, ukiulizwa useme "ni mimi niliyefanya." Wakijitoa, wajitoe. Baadhi ya wasomaji wataondoka wakinung'unika, wana haki. Akaunti zote kumi na moja mzifunge pamoja, yeye akiangalia.

Na huo ucheshi wako? Mwenzangu, mtu wa darasa la nne aliyewakalisha watu elfu sita wakibishana kuhusu mgongo wa shati ana kipaji, na sitajifanya sijakiona. Lakini siku hiyohiyo usiombe kazi. Siku akikuuliza mwenyewe, "Mama, wewe kwa kweli unaanza kola au mgongo?", mjibu kwa jina lako, hata kama hamkubaliani, na mbishane hadharani mtakavyo.

Jambo la mwisho. Jibu hili nimekutumia leo Jumanne kwa namba uliyoiacha chini ya barua. Ukurasa huu hutoka Jumamosi asubuhi, na kwa kuwa Mjane na Baba Mapacha wametajwa tangu kichwa cha habari, binti yako hatahitaji kusoma zaidi ya hapo kujua aliyeandika ni nani. Ukitaka niuzuie, nipigie unipe sababu, woga usiwe mojawapo. Vinginevyo, gazeti litakapofika kwenu, nataka mtoto alisome kwa sauti, na asikute humo kitu kimoja ambacho hajakisikia kutoka kwako.