Tangazo la Kifo Ulilolisoma Bila Kucheka

Mdogo wangu mpendwa Tusajigwe,

Mzee Mwakalinga wa Suma amemtuma mtu hadi huku Lindi ninakoishi. Anasema amezeeka, hataki kufa kabla familia yake na yetu hazijakaa kula pamoja. Wanawe waliokuua walifungwa, wakatoka, nao watakuwepo. Anataka jibu langu. Kabla sijamjibu yeye, naongea na wewe.

Unakumbuka miaka ile biashara ilipofunguliwa, kila mwenye mtaji akajaribu bahati yake? Mwenye duka mmoja pale mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu, akaanzisha kituo cha televisheni, nyaya zikapita juu ya migomba hadi Ibighi. Tukampelekea mchezo wetu wa kuchekesha, "Mhariri Kalala". Stoo yake ya mbolea ikawa chumba cha habari. Mimi nilikuwa mhariri anayesinzia; wewe msomaji wa habari, umevaa koti la mwalimu mmoja wa kutoka Kagera, linakufika magotini.

"Dada," mwalimu alikutania, "ukisoma wewe, hata uongo nauamini."

Hatukuwa na mashine ya kurekodia. Tulicheza, watu wakatuona papo hapo.

Jioni ile ulisoma tangazo la kifo. Jina ulilitunga mwenyewe: Mwakalinga, mkulima wa chai, Suma. Baada ya hapo marehemu alitakiwa aingie studio kulalamika kwamba hatukutaja ng'ombe wake. Uliposema tu, "Mazishi ni kesho saa nane mchana," umeme ukakatika mji mzima.

Ulicheka gizani. "Basi, marehemu atafufuka wiki ijayo."

Lakini baa ya jirani, yenye televisheni, ilikuwa imejaa watu waliokimbia mvua. Hawakuuona mwanzo wa mchezo. Walimwona binti mwenye koti akisoma msiba kwa sauti ya redio, nao wakaubeba hadi Suma. Kumbe Mwakalinga alikuwepo, na chai alilima.

Kwetu mkwe hafiki msibani mikono mitupu. Asubuhi wakwe zake wakaja na dume la ng'ombe, wakalichinja uani kabla ya kuuliza neno, akina mama wakijibwaga chini kwa vilio. Mzee akatokea shambani, alikolala kibandani usiku ule kwa sababu ya mvua, kapu la chai mgongoni.

"Nani kafa hapa kwangu?"

Mkewe, aliyekuwa amekwisha kumlilia, alipomwona amesimama akaanguka. Hakuamka tena. Lile dume likaliwa kwenye msiba wa kweli.

Wanawe wakaja mjini na mafyekeo.

"Yuko wapi aliyemzika baba yetu?"

"Ulikuwa mchezo, kaka zangu," uliwaambia. "Nisameheni. Mchezo tu."

"Cheza basi! Soma na la mama, tukusikie!"

Walipasua meza, wakakuburuta nje kwa lile koti. Mimi walinipiga rungu begani, nikaanguka juu ya mifuko ya mbolea, mfupa umechomoza. Nilikusikia ukiniita mimi, kisha ukamwita mama, kisha hukuita mtu. Jiwe walilokumalizia walilichomoa kwenye ukingo wa maua ya mwenye duka. Tulikuzika uso umefungwa khanga, kwa sababu haukuwepo uso wa kuagwa.

Kituo kikafungwa kabla mahindi hayajakomaa. Leo mtu akiutaja mchezo wetu pale mjini, wanamtazama tu. Nami niliondoka Rungwe na mkono wa kushoto usioinuka.

Kuna siku nakukasirikia wewe kwa kulitunga jina lile. Halafu nakumbuka ulivyolitamka, umekaza macho usicheke, nami nacheka peke yangu hapa barazani, na hasira inarudi kwao. Bado ni mbichi. Sikujua hasira inaweza kuzeeka na mtu bila kuota mvi.

Lakini mzee alizika mke aliyekuwa mzima asubuhi ile. Hakushika fyekeo. Nitakwenda. Nitakaa kando yake, nitamwambia ndaga, asante ya kwetu, kwa kuniita, nitakula naye sahani moja.

Lakini wanawe wakileta birika waninawishe, mikono yangu itabaki mapajani mpaka walitaje jina lako mbele ya wote, na waseme walikufanya nini. Wasiposema, nitaondoka na njaa. Wakisema, nitaunyoosha mkono huu mmoja unaonyooka.

Lala, Tusa. Mvua ya kwetu isikusumbue.

Kaka yako, uliyemwita kwanza