Mikono ya Rajabu Ilipotulia

Kata ya Gerezani, Dar es Salaam
14 Juni 2024

Kwa shemeji yangu Twaha,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta salama huko Tanga, wewe, Zamzam na watoto. Sisi tupo, tunashukuru. Mama anakula, ila chai ya maziwa haitaki tena, kwa kuwa marehemu ndiye aliyekuwa akimkorogea.

Zamzam ameniambia kutetemeka kwako kumezidi, na mwezi ujao unakwenda India kuwekewa kile kifaa cha umeme ubongoni, kama marehemu kaka yako Rajabu. Ndiyo maana naandika. Kwa simu ningelia tu.

Unakumbuka furaha yetu kilipowashwa. Mikono ilitulia palepale. Rajabu akarudi kibandani kwake Kariakoo kushona kofia, wateja wakamtania kwamba amekuja na mikono ya bwana harusi. Akawajibu basi wamtafutie na bibi harusi, huyu wa nyumbani keshamzoea. Tukasoma maulidi ya shukrani.

Yaliyofuata tulikuficha. Alishona bila kulala. Vitambaa vya kofia vilipokwisha akahamia kwenye mapazia, kisha kanga niliyokuwa nimeivaa. Alicheka peke yake. Halafu kicheko kikakatika, akawa anaitazama mikono yake kutwa nzima. Aliniambia imetulia kweli, lakini si yake.

Daktari wake wa hapa mjini alikuwa akipiga simu kuuliza habari za mgonjwa. Unatujua, shemeji: kwetu habari ni njema hata nyumba ikiungua. Rajabu alijibu njema. Mama naye njema, akituonya kwamba neema hailalamikiwi mbele ya watu. Nami nikaitikia. Baada ya maziko ndipo daktari alipotueleza kwamba umeme ule huweza kumgeuza mtu akili, na kwamba angeambiwa, angeupunguza.

Twaha, tulikwambia kaka yako aliteleza relini. Hakuteleza. Alikwenda mwenyewe. Mama alituapisha tunyamaze, maana alishaiona mikono yako ikianza kutetemeka, akahofia utakataa tiba.

Sikukatazi kwenda. Wapo waliowekewa wakaishi vizuri. Ila nenda na Zamzam, na daktari akiuliza, ajibu yeye. Aseme usingizi wako, hasira zako, hata furaha yako ikizidi. Usimkatize, na wala usimnunie.

Wabusu watoto. Nami, shemeji, unikumbuke katika dua zako.

Shemeji yako,
Badria