Jina Langu Kwenye Bima ya Gari Letu

Chumba cha ghorofani, juu ya duka la vioo
Jumapili, tarehe 9, baada ya chai

Mpendwa Shangazi,

Hapana, hapo nakukatalia. Nakukatalia kwa heshima zote, na shikamoo juu yake, lakini hiyo ya kuniandikia kwamba gari kuukuu linatosha kuwa na bima yoyote, ilimradi askari wa barabarani aione stika kwenye kioo, siikubali tena. Ungeniambia miezi miwili iliyopita ningekuitikia "ndiyo, Shangazi" na kuendelea na mapenzi yangu. Sasa nimefumbuliwa macho, tena kwa nguvu.

Najua utasema ndoa imeniharibia adabu, nimeanza ubishi kabla ya salamu. Hujambo? Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua inasaidia, au bado unateremka ngazi kinyumenyume ukiwakataza watu wasikucheke? Na Mjomba, kikohozi kimemwacha? Mimi ni mzima kupita kiasi. Mashavu yamejaa. Mume wangu hunitazama nikikunja vitambaa kana kwamba nasoma taarifa ya habari. Miezi mitatu sasa, na bado akitoka kwenda kununua uzi hurudi kutoka mlangoni mara mbili kuniaga, mpaka wateja wanauliza kwa nini kazi zinachelewa. Wewe huyapendi maneno haya, ruka mistari. Nisipoyaandika yatanipasua kifua.

Sasa nije kwenye gari.

Unakumbuka ni zawadi ya harusi kutoka kwa baba mkwe, yule mzee mrefu aliyekataa kukaa meza ya mbele kwa sababu ilikuwa mbali na mlango. Ameendesha basi la shule miaka thelathini bila kumgusa hata kuku. Watoto ndio waliompa jina la Breki, maana alishika breki hata kwa mfuko wa plastiki uliopeperushwa na upepo. Jina likashika, naye huitika.

Kazi yetu imesimama juu ya hilo gari. Mume wangu anashona mapazia, mimi naenda nyumba za watu na futikamba kupima madirisha, kisha tunapeleka na kutundika. Fito za mapazia zina urefu kunizidi, huwezi kuzibeba begani ukavuka nazo mji. Viti vya nyuma tumevilaza, marobota yanalala hapo, nami hukaa mbele nikiwa nimekumbatia kisanduku cha pete na kulabu. Mwezi uliopita nikapata leseni yangu, Shangazi. Jaribio la kwanza. Mume wangu alilia kunizidi.

Basi, mara tu baada ya harusi alikwenda peke yake kukata bima. Akarudi na nakala ya fomu, akaniwekea chini ya sahani yangu. Kwenye swali la matumizi ya gari alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri: Kumtembeza mke wangu. Kwenye swali la madereva wengine: Hakuna, nitamwendesha mwenyewe. Na bei ilikuwa ndogo sana, akajisifu kwamba hata karani alitabasamu. Nilifanyaje? Niliibusu ile karatasi. Niliitia kwenye albamu ya harusi, katikati ya picha yetu ya keki na ile yako uliyofumba macho. Kila mgeni aliyekuja alionyeshwa. Nadhani hakuna fomu ya bima iliyowahi kuhusudiwa kama ile.

Hapa chini yetu kuna fundi vioo. Mtu wa utani, akituona tunapanda ngazi tumeshikana mikono husema, "Pole pole, hizo ngazi si za watu wanne." Wiki tatu zilizopita alikuwa anapeleka vioo kwa mteja, akarudi nyuma vibaya akaangusha geti la mtu na nusu ya ukuta. Hakuhofu, alikuwa na bima. Kampuni ikatuma mkaguzi. Mkaguzi akaona fremu za kubebea vioo zimefungwa kwenye gari, akafungua faili, akasoma kwamba gari ni la matembezi ya nyumbani. Akafunga faili. Hawakulipa kitu. Sasa gari la jirani yetu liko uani limekaa juu ya matofali, magurudumu ameyauza ili ajenge ukuta wa watu, na yeye anabeba vioo kwa mkono, kimoja kimoja, kama anabeba mtoto mchanga. Tangu siku hiyo hajatutania.

Nilipanda juu nikaitoa ile fomu kwenye albamu. Nikaisoma tena nikiwa nimesimama. Kila neno lilikuwa tamu, Shangazi, na hakuna hata moja lililokuwa kweli. Gari halinitembezi, linabeba mapazia. Na siku hiyo hiyo asubuhi dereva nilikuwa mimi.

Hapo ndipo tulipogombana kwa mara ya kwanza. Nilimwambia turudi tukasahihishe. Yeye alikuwa na pini mdomoni, akazitoa moja moja ili apate muda wa kufikiri.

"Ile niliiandika kwa mapenzi," akasema.

"Najua. Mapenzi hayatajenga geti la mtu."

"Wakijua ni gari la kazi, bei itapanda. Wakijua na wewe unaendesha, itapaa. Na kochi je?"

Tulikuwa tumepanga kununua kochi, la watu wawili tu, ili mgeni asipate nafasi. Nililitaka sana lile kochi. Lakini nilimwona jirani kupitia dirisha akivuka barabara na kioo chake, magari yakimpigia honi, na moyo wangu ukakaa sawa kama pazia lililotiwa vipande vya risasi kwenye pindo ili lisipepee. Nikamwambia kochi litasubiri, na kama hataki kwenda, nitakwenda peke yangu, na mpaka jambo hili litengenezwe, usukani wa gari lile siushiki. Siku nne sikuushika. Nilikwenda kupima madirisha kwa miguu. Kila jioni alinisubiri mlangoni na beseni la maji ya moto ya kukanda miguu, na hakuna aliyetaja bima. Ndivyo tunavyogombana sisi.

Siku ya tano Breki alikuja na suluhisho lake. Mikono nyuma, kifua mbele.

"Andikeni jina langu," akasema. "Dereva mkuu ni mimi. Miaka thelathini bila mkwaruzo. Watawapa kwa bei ya karanga."

"Na nikigonga mimi, Baba?"

"Utasema nilikuwa mimi."

"Wewe ukiwa umelala nyumbani kwako?"

"Nitaamka."

Mume wangu alicheka, na mimi nilicheka, lakini nilimwona mume wangu anaanza kulipima lile wazo kwa macho kama anavyopima kitambaa. Kesho yake asubuhi nilivaa viatu vyangu vya mahojiano, nikachukua daftari la vipimo, nikaenda.

Niliingia ofisi tatu. Ya kwanza walinitajia bei kabla sijakaa, nikaona bei isiyouliza swali si bei, nikatoka. Ya pili wakanisisitizia bima kubwa, ile inayolipa gari lako na la mwenzako, kwa pesa ambayo ukiilipa miaka michache umenunua gari jingine kama letu. Ya tatu nilimkuta mama mmoja ana miwani mbili, moja puani, nyingine kichwani. Nilipomuuliza bima ya gari kama letu ni kiasi gani, akaniambia, "Mwanangu, usiniulize bei ya gari. Niulize bei ya dereva."

Akanikalisha mpaka chai yake ikapoa. Kumbe gari hilo hilo moja, likibadilisha mtu wa kushika usukani, bima yake inabadilika. Mwenye leseni changa kama mimi hulipishwa zaidi, si kwa kuchukiwa, ila kwa sababu bado hawajui nitageuka nini. Mume wangu ana miaka tisa bila kudai fidia, kwa hiyo ana punguzo, nalo alikuwa hajawahi kuliomba, kwa kuwa pale kwenye swali la miaka ya kuendesha alikuwa na haraka ya kufika kwenye swali la mke. Mtu anayetoa gari Jumapili tu asilipe kama anayeshinda barabarani. Anayebeba mali aseme anabeba mali, na ya nani, maana kubeba mapazia yako mwenyewe ni nafuu kuliko kubeba mizigo ya watu kwa malipo. Jirani yetu angeongeza kidogo tu tangu mwanzo. Kidogo, Shangazi. Niliposikia hivyo nilitaka kulia pale pale.

Nikamuuliza kuhusu mzee. Akasema mzee anaandikwa vizuri kabisa kama anaendesha kweli, lakini kwa umri wake lazima alete cheti cha macho. Na nikimwandika yule asiyeendesha badala ya yule anayeendesha, karatasi hiyo nifungie maandazi.

Nilimpelekea Breki ujumbe wa cheti mwenyewe, kwa upole. Akakasirika. Akasema macho yake yameona mambo ambayo daktari hajazaliwa kuyaona. Akasema ana kazi. Akasema gari ni lake alilotupa. Nilikaa chini karibu na kiti chake, nikamwambia, "Baba, sitaki jina lako. Nakutaka wewe. Ukae kiti cha pembeni yangu kila Jumamosi mpaka niendeshe kama wewe. Jina lako haliwezi kunifundisha kitu." Akauliza kama kuna chai.

Jumanne alikuja kunichukua mwenyewe tuende kwa daktari wa macho, akidai ananisindikiza mimi. Alisoma herufi mbili za juu, zilizobaki alizitunga. Sasa ana miwani. Tulipotoka alisimama kando ya barabara muda mrefu akisoma vibao vya maduka, kimoja baada ya kingine, kisha akasema taratibu, "Kumbe ile mifuko ya plastiki ilikuwa mifuko kweli." Halafu akaniambia nisimweleze mtu. Nimekueleza wewe kwa sababu uko mbali.

Nafikiri mume wangu alilegezwa na hilo kuliko maneno yangu yote. Kama baba yake ameweza kukubali kusomeshwa herufi, yeye ataogopa nini fomu? Jioni ile alikunja kitambaa alichokuwa anashona, akaniambia, "Twende kwa huyo mama wako wa miwani. Lakini uandike wewe. Mimi nikishika kalamu naanza kukusifu."

Niliandika. Matumizi: biashara yetu ya mapazia, kupima, kupeleka na kutundika. Madereva: mume, mwenye miaka tisa, mke, mwenye wiki tano, baba, Jumamosi, na miwani. Tulichukua bima ndogo, ya kumlipa mtu tutakayemwumiza au kumharibia mali, tukaongeza moto na wizi, kwa sababu marobota yetu yanaweza kuwaka na watu wanapenda vitambaa. Gari letu lenyewe likikwaruzwa tutajitengenezea. Nikigonga mimi ndani ya mwaka huu wa kwanza, kuna sehemu ya hasara tutakayobeba wenyewe, kubwa kuliko akigonga mume wangu. Nilisaini hapo. Ni haki yao. Punguzo lake la miaka tisa limemeza karibu nusu ya nyongeza yangu, na kilichobaki tunalipa kwa awamu nne. Ukipiga hesabu, tofauti na ile bei ya "kumtembeza mke wangu" ni kochi moja, la watu wawili.

Kwa hiyo tunakaa juu ya marobota. Usituonee huruma. Robota la mahameli ni laini, na likiuzwa tunahamia la kitani.

Cheti cha bima kilikuja Ijumaa. Jina langu limechapishwa, Shangazi, chini ya la mume wangu, mstari mmoja tu katikati. Sikukibusu. Nilikisoma mara tatu, kila mstari, kisha nikakitia kwenye kisanduku cha gari kinapotakiwa kukaa. Nikachukua ufunguo, nikampeleka fundi vioo na vioo vyake viwili kwa mteja wake, bure, baada ya kumpigia yule mama kuuliza kama naruhusiwa kumsaidia jirani bila malipo. Akasema naruhusiwa. Jirani alikaa nyuma akishikilia vioo vyake kwa mikono yote miwili. Tulipofika akasema, "Bibi harusi, una breki za mzee wako." Ni utani wake wa kwanza baada ya wiki tatu. Jumatatu nampeleka kwa mama wa miwani, hata kama gari lake bado liko juu ya matofali. Ameshakubali.

Na wewe usinifiche. Lile gari la Mjomba mnaloliita la familia, linaloendeshwa na binamu mapacha, na mara nyingine na yule mpangaji wenu, karatasi yake inasema dereva ni nani? Usinijibu kwa barua, najua utanijibu "yoyote ile". Nitaisoma mwenyewe.

Msalimie Mjomba na kikohozi chake. Wasalimie mapacha, mwambie yule mkubwa kwa dakika saba apunguze mwendo. Msalimie Bibi, mwambie shuka la harusi aliloniwekea alama kwenye pindo bado liko, nami bado natabasamu nikiliona. Mume wangu anakupa shikamoo, ameniambia niandike kwamba anakupenda, anasimama nyuma yangu kuhakikisha. Breki anakusalimu pia, anasema sasa ameiona picha yako vizuri. Mungu akulegezee goti, akupe usingizi mzuri, na awaepushe wote mliomo kwenye nyumba hiyo na ajali na karatasi za uongo.

Jumamosi mbili zaidi na Breki pembeni, halafu barabara ndefu nitaruhusiwa. Fungua geti mapema, na uwaambie mapacha waondoe baiskeli zao uani, maana kabla mwezi huu haujaisha nitaingia hapo nikiwa nimeshika usukani mwenyewe, mume wangu kiti cha abiria.

Ni mimi mwanao nikupendaye kuliko ubishi wangu wote,

Chiriku wako