Nimekataa Mara Moja Tu

Jumamosi, 3 Mei
Mkurugenzi mpya wa kiwanda chetu cha kusafishia mafuta, Daktari Kalhor, ameniita saa nne. Anatafuta mkuu wa mnara wa pili, ule unaotenganisha mafuta ghafi. Amenichagua mimi.

Miaka kumi na sita naungoja mnara huo. Mitatu maabara, nikinusa chupa. Sita kwenye tanuri. Saba chumba cha mitambo. Nikamjibu, "Mimi ni nani, Daktari? Wapo wanaostahili zaidi." Nikainamisha macho, nikangoja anisihi. Hapa Abadan, kama Iran nzima, hata chai hatupokei kabla ya kusihiwa mara ya tatu.

"Sawa," akasema. "Naheshimu uamuzi wako." Akalikata jina langu kwa kalamu nyekundu!

Kwenye ngazi ndipo nikakumbuka: mtu huyu amelelewa Hamburg, Ujerumani, tangu akiwa na miaka sita.

Jumapili, 4 Mei
Nimemsimulia Fundi Abud, mkongwe wa chumba cha mitambo. Amecheka mpaka akavua miwani ya jua, na hiyo haivui hata ndani ya nyumba.

"Dada, adabu zetu unampelekea mtu wa Hamburg? Kule ukisema umeshiba, wanaondoa sahani!"

Nimemwomba asimwambie mtu. "Mimi kaburi," akaapa. Kufika saa sita mafundi wa kuchomelea walikuwa wananipa pole.

Jumatatu, 5 Mei
Leo kaitwa Siamak Purvali. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma joto la tanuri. Sikugusa chakula.

Saa saba akatoka, uso umempauka.
"Nimemwambia sistahili."
"Naye?"
"Kaniheshimu."

Wali ulikuwa umepoa. Nimeumaliza wote, na samaki wake.

Jumatano, 7 Mei
Wengine wawili wameitwa, wote wamekataa kwa heshima zote. Karani wake Daktari anasema bosi ameandika barua kwenda makao makuu, Tehran: watu wa hapa ni hodari, ila hawana hamu ya vyeo, leteni mtu. Barua inaondoka Jumamosi saa sita mchana. Akija huyo mtu, atakaa miaka kumi. Mimi nitakuwa nimestaafu.

Fundi Abud ameumia kuliko mimi. "Watu wa Abadan hatupendi vyeo? Tangu nizaliwe sijatukanwa hivi!"

Akajifanya Daktari, miguu juu ya meza. "Mhandisi, unaitaka kazi?"
"Kama hakuna mwingine..."
"Toka! Ingia upya."

Mara tisa. Ya tisa nilisema, "Ndiyo." Kisha nikaongeza, "Samahani."

Jumamosi, 10 Mei, saa tano na nusu
Niko kwenye benchi, nje ya ofisi ya Daktari. Siamak yupo kando yangu, shati limenyooshwa kwa pasi. Hatuulizani tumefuata nini.

Karani kafungua mlango. "Aingie mmoja. Daktari ana dakika chache, kisha anatia sahihi ile barua."

Siamak kasimama, mkono kifuani. "Tangulia, Bi Mhandisi."

Natakiwa nijibu, "Haiwezekani, tangulia wewe." Naye anangoja nijibu hivyo, mguu wake mmoja umeshaelekea mlangoni.

Nimesema, "Asante."

Sijapata kuona mtu mzima akiduwaa namna hii. Karani bado ameshika kitasa, anauliza naandika nini, na ndani Daktari anaita, "Nani huyo?" Nafunga daftari, naingia.