Mume Wangu Ameacha Vidonge kwa Kuyaamini Maziwa Yangu

Mshauri wangu, nimekwama, tafadhali nishike mkono. Mimi nagandisha maziwa, huu ni mwaka wa ishirini na mbili, mtaani wananiita Mama Mgando na sioni haya kusema kwamba jina hilo nalipenda kuliko nililopewa na wazazi, kwa sababu maziwa yangu ni laini, hayana mabonge, na aliyeyaonja harudi kwa mwingine. Sasa mume wangu, fundi wa kuchomelea mageti, ana presha mwaka wa sita na alikuwa anameza vidonge kila asubuhi bila ubishi, mpaka aliposikia redioni kwamba tumboni mwetu wanaishi bakteria wazuri, kwamba hao wanaweza kushusha presha na kwamba wamo kwenye maziwa ya mgando, basi akaingia jikoni kifua mbele kama aliyeoa upya, akasema, "Mama watoto, kumbe miaka yote hii nalala na daktari," na tangu hapo, mwezi wa tatu sasa, vidonge viko juu ya kabati, yeye anakunywa lita nzima kwa siku na kunisifia kwa kila anayekuja kuagiza geti, na wateja wake wamekuwa wateja wangu.

Nilivimba kichwa, sikatai. Juzi wifi yangu, ambaye ni muuguzi, alikuja na kipimo, akampima kaka yake mara mbili, akakuta 178 kwa 104.

"Kaka, vidonge unameza?"

"Vya nini, na kiwanda kiko jikoni?"

"Kiwanda gani?"

"Si huyo wifi yako."

Wifi akanigeukia. "Haya, kiwanda, sema neno."

Nikanyamaza, mshauri, maana nikimwambia arudie vidonge nitakuwa nimeyakana maziwa yangu mbele ya mtaa mzima, na kuna jambo hata wifi halijui: yakishaganda huwa nayapasha moto mdogo nikikoroga, ili yakae chupani wiki nzima bila kuzidi uchachu, na hayo ndiyo anayokunywa, wala sijui kama moto huo unaharibu kitu. Nifanyeje nisiaibike?

Mama Mgando

*

Mama Mgando,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilikuonea fahari, ya pili nikakasirika.

Fahari kwanza, kwa kuwa umeitolea jasho. Aliyegandisha maziwa miaka ishirini na mbili ni mtaalamu, na asikucheke mtu kwa sababu tu amevaa koti jeupe. Redio haikudanganya. Bakteria wa tumboni wakila nyuzinyuzi za maharage, mboga na matunda, hutoa vitu vinavyosaidia mishipa ya damu kulegea. Wapo wagonjwa waliopewa bakteria wazuri kwa wiki nane na zaidi, presha ikashuka. Kwa kiasi gani? Hapo redio ilimeza maneno. Kwa wastani ni pointi tatu, nne, tano hivi. Mumeo anatakiwa kushuka karibu arobaini. Geti la chuma haliungwi kwa gundi, muulize mwenyewe.

Na hata hizo tatu umemnyima. Bakteria hao ni viumbe hai, mama. Umeajiri vibarua, ukawachemsha mlangoni, sasa unashangaa kazi haijafanyika. Kinachobaki chupani ni chakula kizuri, basi.

Lakini moto ni kosa la kutojua, nalisamehe. Kunyamaza, ulinyamaza ukijua. Muuguzi amekuuliza, namba iko mbele yako, nawe ukapima jina lako na uhai wa mumeo ukachagua jina. Kiharusi hakiulizi mke wa mgonjwa anasifika kwa nini. Kikimpiga, mkono ule wa kuchomelea utalala kitandani, nawe utamlisha kwa kijiko.

Kesho asubuhi, kabla hajawasha mashine, mpeleke kliniki. Vidonge vya juu ya kabati asivirudie kwa kubahatisha. Daktari aambiwe miezi mitatu yote, naye aamue. Ukiona kichwa kinamuuma vibaya, kifua kinabana, macho yana ukungu, mdomo umepinda au mkono umelegea, usingoje asubuhi, hospitali saa hiyohiyo. Maziwa yake mchotee kikombe kabla hujapasha, bila chumvi wala sukari, na mkono wako wa chumvi uwe mwepesi kwenye kila sufuria. Wifi yako mwambie yote. Ndiye pekee aliyesema neno nyumbani humo.

Wateja nao waambie: haya ni chakula, mwenye vidonge ameze vidonge vyake. Huko si kuyakana maziwa. Anayeijua kazi yake hujua pia inapoishia, na wewe unaijua. Wakikukimbia kwa sababu umesema kweli, mimi niwekee chupa mbili.

Fundi akibisha, mjibu: "Baba watoto, ninayeyagandisha ni mimi, na mimi nakwambia hayatoshi." Kisha mshike mkono, mwende.