Buru ya Felix

Jumatatu, 3 Machi
Tangu asubuhi napiga rangi ukuta ya kinyozi hapa Suna, Migori. Kichwa ya mwanaume, mashine, "Karibu Wote". Mkono uko sawa, roho ndio haiko. Mwenye kinyozi anataka nimalize haraka kwa sababu Jumamosi town itajaa. Wanajeshi wanarudi. Kuna hema, kuna bendi, kuna waheshimiwa.

Ni wale wale. Mwaka jana waliletwa hapa Migori tukiandamana, wakapiga risasi pale stage ya boda, Felix akaanguka na helmeti kichwani. Baadaye wakapelekwa nchi ya watu kulinda amani. Amani! Nimecheka peke yangu mpaka mteja akaniangalia vibaya.

Felix ni mtoto wa Waya, dada ya baba yangu. Alitoka kwao Homa Bay akakuja kutafuta kazi hapa, tukalalia godoro moja. Nina hasira mbaya.

Jumanne, 4 Machi
Tumeenda polisi na Oketch, boda mwenzake Felix, kupeleka notisi ya maandamano. Afisa hata hakusoma. "Kijana, siku ya sherehe wewe unataka kutuletea matanga?" Akaisukuma kando.

Matanga. Hiyo neno imenishika. Nimerudi nyumbani karibu nikimbie. Hapa kwetu nani husimamisha matanga? Nani? Watu wa tero buru wakipita na ng'ombe na firimbi wakifukuza kifo, magari inangoja, askari pia anangoja. Na mwenye kulia anaweza sema chochote. Mama akilia anamtaja muuaji kwa jina, na hakuna mtu anamgusa. Katiba inasema ongea, na ukiongea unatandikwa. Matanga haijaandikwa popote na wanaiogopa.

Felix hakufanyiwa buru. Tulimzika haraka haraka, polisi wamejaa kwa geti.

Nimempigia Waya. Nimemwambia Jumamosi tumfanyie Felix buru, mbele ya hao wanajeshi. Akasema: "Nitakuja. Lakini ni matanga, nyathina, mtoto wangu. Sio vita."

Alhamisi, 6 Machi
Mzee Ogada, mwenye ng'ombe: "Buru ya kijana hajaoa? Nyinyi watoto wa simu mtatuletea laana." Akatema mate. Akatupatia ndume mbili. "Hizo risasi hata mimi nilizisikia."

Waya amefika. Amepanga kila kitu. Hakuna bango, hakuna mawe, hakuna jina ya chama. Matawi na firimbi, basi. Tumeapa wote. Mimi pia.

Lakini mimi ni mtu wa rangi. Nimeshindwa. Nimekata shuka, nimeandika MLIMUUA FELIX, nyekundu, herufi kubwa. Nitaifunga kiunoni chini ya koti. Sijaambia mtu.

Jumamosi, 8 Machi
Niandike tu.

Ilifanya kazi. Mungu wangu, ilifanya kazi! Ndume mbele, matawi, vumbi. Polisi wa kwanza aliinua mkono, akaona ng'ombe, akaushusha. Akatoa kofia! Bendi ikanyamaza yenyewe. Waya akatembea mpaka mbele ya mstari wa wanajeshi na akaanza kulia kwa Dholuo. Sauti hiyo sijawahi sikia. "Felix, amka, wageni wako wamerudi. Wameoga, wamevaa viatu mpya. Waulize kama huko walikula vizuri."

Mwanajeshi mmoja alikuwa anaelewa kila neno, nilimwona. Mjaluo. Machozi ilikuwa inashuka. Akafungua mdomo. Alikuwa anataka kusema kitu.

Na mimi nikatoa shuka.

Sijui kwa nini. Nilikuwa nimejaa tu. Niliikunjua juu, Oketch akashika upande wa pili, simu zote zikatugeukia. Hapo hapo matanga ikaisha, ikawa maandamano. Mkubwa wa polisi alipumua kama mtu amepewa dawa. Teargas. Ndume zikaingia kwa viti za wageni. Waya alibebwa na polisi akiwa bado analia. Oketch pia akabebwa.

Mimi nilikimbia.

Yule mwanajeshi sitawahi kujua alitaka kusema nini.

Jumapili, 9 Machi
Nimeenda kituo. Nikawaambia shuka ni yangu, nishikeni mimi, muwaachilie. Afisa akacheka. "Tunajua ni yako. Nani hajui mwandiko yako hapa mjini? Enda nyumbani."

Hawanitaki. Wanamtaka Waya.

Jumatatu, 10 Machi
Korti. Oketch ameachiliwa na onyo. Waya amewekwa chini ya bondi ya amani, mwaka mzima. Asitaje wanajeshi mbele ya watu, iwe kwa maneno, iwe kwa kilio. Hakimu alisema maandamano ilijificha ndani ya matanga. Ushahidi ulikuwa mezani umekunjwa vizuri: shuka yangu.

Kwa hivyo sasa hata kilio kina sheria. Mlango ulikuwa umebaki mmoja tu na mimi ndio niliwaonyesha.

Waya aliweka sahihi. Akatoka nje, akaniona, nikangoja anitukane. "Umekula?"

Heri angenichapa.

Jumamosi, 22 Machi
Homa Bay, kwa Waya. Jirani yake, mzee mvuvi, amekufa. Kwa hii kijiji Waya ndio huanzisha kilio, tangu nikiwa mtoto. Leo wanawake walifika kwa geti ya marehemu wakapunguza mwendo, wakamngoja. Habari ya korti wanaijua. Walimngoja tu. Chifu alikuwa ameketi chini ya hema, anaangalia.

Waya alisimama katikati yao, mdomo umefungwa, machozi inashuka. Mwenye kulia hutaja wafu wake wote, na akifika kwa Felix atakuwa amewataja wanajeshi.

Mwishowe mke mdogo wa marehemu akaanza, chini chini. Wengine wakafuata.

Waya alienda jikoni kuchambua omena, dagaa za wageni. Nikamfuata nikaketi karibu yake. Yeye alitoa mawe, mimi nikatoa majani.